Neno Moja la Kumfukuza Shutu

Msambweni
12 Agosti 1956

Mdogo wangu Matano,

Nakusalimu salamu njema, na ukiwa mzima ni jambo la kumshukuru Mungu. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekwisha, muhogo umeshika, na paa la jiko nimeliezeka upya kwa makuti yangu mwenyewe, maana mafundi wa hapa bado wanaogopa kupanda juu ya nyumba yetu. Mkeo hajambo? Katika barua yako ya mwisho hukumtaja, nikadhani labda wino ulikwisha.

Umelalamika pia kwamba herufi zangu za Kiarabu zinakuchosha macho tangu uanze kazi ya stoo huko Tanga. Mimi ndizo nilizofundishwa na mama. Tafuta miwani.

Sasa jambo lenyewe. Habari ya mama waijua, lakini nitaiandika tena tangu mwanzo, kwa sababu leo ndiyo nimeupata mwisho wake. Shutu alitaka kunioa mke wa pili, mama akamkatalia. Mwezi haukupita, mtoto wa Shutu akashikwa na homa na kufa. Shutu akaenda Kinango kwa mganga Randu, akarudi na kutangaza kwamba ramli imemtaja mama yetu, Mwanapili, kuwa ndiye aliyemroga mtoto. Mji ukamsusia. Chakula chake hakikuliwa, moto wake haukuombwa, harusini alikalia mkeka peke yake. Suleiman wa Tiwi, aliyekuwa amenichumbia, akatuma watu kusema nia yake imebadilika. Mama alipofariki nilimkosha mimi peke yangu, yeye aliyewakosha maiti wa mji huu wote.

Juma lililopita Randu mwenyewe alikuja kununua papa mkavu. Akakaa kwa muuza kahawa, na mtu mmoja akampongeza kwa kumfichua yule mchawi Mwanapili. Randu akauliza Mwanapili ni nani. Walipomweleza, akaweka kikombe chini, akasema: "Mimi sikumtaja mtu. Nilimwambia yule bwana mtoto wake alikuwa na homa, na mwingine akiumwa ampeleke hospitali."

Basi ungewaona watu. Tangu siku ile barazani kwangu hapakauki wageni. Wanawake waliokuwa wakikimbia kisimani mama akitokea, leo wananiletea sukari na kuniambia kwamba wao moyoni walijua siku zote. Kila mmoja alijua. Sijui aliyekuwa hajui ni nani, labda kuku. Sukari naipokea, chai naipenda.

Jana amekuja mzee Mwinga, mkubwa wa wazee wa mji. Anasema watakaa kikao, na kwa kuwa mimi ndiye binti wa aliyeonewa, neno langu ndilo litakalokata. Nikisema Shutu atoke, atatoka Msambweni na nyumba yake itavunjwa. Nimemwambia nitafikiri.

Dada yako,
Mwanasha binti Boga

*

Tanga
3 Septemba 1956

Dada yangu Mwanasha,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri, na bwana mkubwa wa shamba la mkonge amenikabidhi funguo zote za stoo. Hali ya hewa hapa ni ya joto. Habari nyingine za nyumbani kwangu ni za kawaida.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikacheka peke yangu mpaka makuli wakanitazama. Kijitu kile. Kijitu kifupi kilichokuwa kikikaa safu ya mbele msikitini na kanzu iliyopigwa pasi, kikitoa pumzi kwa uchamungu. Nilikuwa nikingoja siku hii tangu nilipopanda gari kuja huku. Nimelala nayo na kuamka nayo.

Wasema utafikiri. Ufikiri nini, dada? Neno ni moja tu: atoke. Tena usimwache aondoke usiku kwa siri. Atoke mchana, siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali, na mkewe Dama nyuma yake amebeba vyungu. Ningekuwa na ruhusa ya kuondoka kazini ningekuja kushika mlango nikimwangalia anavyotoka.

Na hao wazee wako nao ni mabata tu, wanamfuata aliye mbele. Lakini leo wamekuelekea wewe. Watumie. Niandikie upesi kwamba limekwisha.

Ndugu yako,
Matano

*

Msambweni
21 Oktoba 1956

Matano,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za joto la Tanga. Nilikuwa na wasiwasi labda kuna barafu. Nilikuuliza juu ya mkeo. "Za kawaida" si jina lake.

Kikao kilikuwa uani kwa Mwinga baada ya swala ya Ijumaa, kama ulivyotaka. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia la leso. Waliponiita nilitoka nikasimama wanione. Shutu alikuwa amekalishwa pembeni, mkeka mzima yeye peke yake, na watu wamevuta miguu yao wasimguse. Mkao ule nilikuwa naujua.

Mwinga akasema maneno marefu juu ya haki, sauti imemlainika kama aliyekunywa asali. Kisha akaniuliza: "Mwanasha, wewe ndiye uliyeonewa. Shutu atoke au asitoke?"

Nakuandikia nilivyojibu, usije ukaletewa na watu yakiwa yameongezwa chumvi. Nilisema: "Mlimtenga mama yangu kwa neno la mtu mmoja, na hapakuwa hata na mmoja wenu aliyekwenda Kinango kumwuliza Randu, na Kinango si Makka. Leo mnataka kumfukuza huyu kwa neno la mtu mmoja vilevile, ila safari hii mtu huyo ni mimi. Sina neno hilo. Mkitaka atoke, mtoeni kwa vinywa vyenu. Siku ile mlikuwa navyo."

Nikasikia mbuzi wa Mwinga akitafuna. Halafu nikaenda zangu.

Shutu alinifuata njiani, mikono ameikunja kama mwombaji, anataka kunishukuru. Nilimwambia asinishukuru, sikusema vile kwa ajili yake, kwa sababu yeye hatoshi. Hatoshi hata kuchukiwa miaka yote hii na watu wazima wawili, mmoja hapa na mmoja Tanga. Alinitazama, macho yake yana ukungu, nadhani haoni vizuri. Nikamwacha hapohapo.

Wazee wamekasirika. Hawakumfukuza, lakini wamemsusia yeye na mkewe, na wanafanya hivyo kwa bidii kubwa, kama watu wanaolipa swala walizokosa. Nami nimerudi kuwa mtu wa kusengenywa. Sukari imekatika.

Mwanasha

*

Tanga
18 Novemba 1956

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Sikujua kwamba katika familia yetu tuna walii. Ningejua ningekujengea kaburi lenye bendera watu waje kuzuru. Mama yetu alikufa hana mtu wa kumpa maji ila wewe, na mtu aliyemfanyia hayo umempa ruhusa ya kufia kitandani kwake. Umesema maneno mazuri sana pale uani kwa Mwinga. Mama hayali maneno hayo.

Umeandika kwamba Shutu hatoshi kuchukiwa. Kwangu anatosha, tena anabaki. Wewe ulikosa mume, umezeeka ukisuka mikeka katika nyumba ambayo fundi hataki kuipanda, halafu leo unapewa kisu kwa heshima zote, unakirudisha na kuwauliza wenye kisu kwa nini kina makali. Makuli wangu hapa, watu wasiojua kusoma, nimewasimulia kisa hiki wakaniuliza kama dada yangu ana akili timamu.

Ukinitaka nikuheshimu tena, nenda kwa Mwinga useme umefikiri upya.

Matano

*

Msambweni
20 Januari 1957

Mdogo wangu Matano,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mwanzoni nilichelewa kwa sababu barua yako haikustahili jibu, baadaye kwa sababu palikuwa na msiba. Mpunga umevunwa, si haba. Waambie makuli wako kwamba akili zangu ni timamu, ila nimezirithi kwa mama, na mimi nimechukua fungu kubwa kuliko wewe.

Dama, mke wa Shutu, amefariki. Alivimba miguu, kisha tumbo, na wakati wote huo hakuna mwanamke aliyekanyaga kwake, isipokuwa mmoja aliyekuwa akimpelekea uji. Usiulize ni nani, utapandwa na damu bure. Kati ya Dama na mama palikuwa na jambo, nami nalijua, lakini ni la wanawake wawili waliokwisha kutangulia, sitalitia katika karatasi.

Asubuhi aliyokufa, Shutu alisimama mlangoni na ndoo ya maji akiita watu. Hakuna aliyeitika. Mmoja kichwa kinamwuma, mwingine anaamia ndege wasile mpunga shambani kwake, na mavuno yenyewe yamekwisha kuingia ghalani. Nilichukua bakuli la mama, sabuni na karafuu maiti, nikaenda. Nilimkosha kama mama alivyonifundisha, pole pole, nikimfunika ninapomgeuza. Nilipofika katikati akaingia mke wa Mwinga, anatazama chini, akashika kopo na kunimiminia maji. Ningalikuwa na mikono mitatu nisingalimruhusu.

Sanda ikavikwa, jeneza halina wa kulibeba. Wanaume walikuwa kwa muuza kahawa, wanakunywa huku wamegeuza shingo. Nikaenda nikasimama mbele yao, nguo zangu zimelowa maji ya maiti, na wewe wajua mwanamke hasimami pale. Nikawaambia: "Mliyemsusia ni Shutu. Huyu aliyelala mle ndani alikosa nini? Na mama yangu alikosa nini?"

Aliyeinuka kwanza alikuwa Mwinga. Wakamfuata wengine, kila mmoja akijifanya kwamba ndiyo kwanza alikuwa anataka kuinuka. Dama akazikwa kabla ya adhuhuri, kwa heshima. Mama hakuzikwa hivyo. Niliporudi nyumbani nililia sana, nikajua simlilii Dama.

Hukunijibu mwaka ule nilipokupigia simu ya maandishi kwamba mama amekufa. Sitakuuliza leo.

Mwanasha

*

Tanga
10 Februari 1957

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua. Mungu amrehemu marehemu.

Kuanzia leo usiniandikie habari za nyumba ile.

Matano

*

Msambweni
17 Machi 1957

Mdogo wangu Matano,

Salamu na dua. Umeniamuru nisikuandikie habari za nyumba ile, nami ni mtu wa kutii. Kwa hiyo sitakuandikia kwamba Shutu amepofuka macho yote mawili. Wala sitaandika kwamba nyumba yake imeanguka upande mmoja na watu wamemwachia kibanda nyuma ya msikiti. Wala kwamba kila jioni kuna sahani inayotoka jikoni kwangu kwenda huko. Hayo yote hutayasikia kwangu.

Badala yake nitakuandikia habari za nyumba yako wewe. Mkeo ameniletea barua kutoka Pangani, kwa wazazi wake. Kumbe yuko huko tangu mwaka jana. Hakusema kwamba umempiga wala kwamba umemnyima chakula. Alisema kila jioni ukirudi kazini unakaa barazani ukimtukana mtu ambaye yeye hajapata kumwona, mpaka chakula kinapoa, na kwamba alichoka kula na Shutu. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Hebu fikiri, kijitu kile kifupi, hakijavuka hata mpaka wa Vanga, kimekuja Tanga kimekutolea mke ndani ya nyumba.

Nami usidhani naandika haya nikiwa nimekaa mawinguni. Baada ya mama kufa, kila nikimaliza swala ya magharibi nilikuwa nikimwombea Shutu mabaya. Nilikuwa fundi. Nilianza na macho yake, nikashuka mpaka nyayo. Siku moja nikagundua kwamba muda wote unakwisha kwa Shutu, na mama nambakishia maneno mawili ya haraka mwishoni, kama anayemaliza uji wa chini ya chungu. Nikaona aibu. Nikasema basi, Shutu nimtaje kwanza, kwa neno moja tu la heri, nimpite, nibaki na mama. Neno la kwanza lilitoka kwa meno yaliyobanana kabisa. La pili pia. Sasa linatoka lenyewe, na sijui siku gani lilianza kutoka lenyewe.

Sikukuambia umpende. Mimi mwenyewe simpendi, ananichosha, ana maneno mengi ya kujihurumia na hawezi kula samaki asiyetolewa miba. Lakini wasichana wanakuja kwangu kujifunza kusuka, mlango wangu hauna mtu ninayemwogopa kuingia, na nikilala nalala. Wewe mwenye funguo zote za stoo, unalala?

Mwezi wa Ramadhani unaingia. Njoo ufuturu kwenu. Kaburi la mama nimelipalilia, unaweza kulitazama bila haya.

Mwanasha

*

Pangani
6 Mei 1957

Dada yangu Mwanasha,

Shikamoo. Nimefika salama. Umeona jina la mji hapo juu. Mke wangu anakuamkia, na baba yake bado ananitazama kwa jicho la upande, nami namwachia, ana haki. Jina la mke wangu ni Mwanakombo, ili usiseme tena kwamba wino umekwisha. Tunarudi Tanga pamoja Jumamosi.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko, maana ulikuwa unajifanya umelala, nami nikaondoka alfajiri. Nataka ulijue kwangu.

Jioni ile ya kwanza ulinipa sinia. Ukaniambia nyuma ya msikiti kuna kipofu hana mtu, nimpelekee futari. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, dada, na mimi si mjinga. Lakini nilikuwa nimetoka safarini na njaa ya saumu, akili haikufanya kazi mpaka nilipofika mlangoni. Aliposema "Karibu, Mwanasha," niliijua sauti. Ni ile iliyosimama mbele ya nyumba yetu ikimwita mama mchawi.

Nilikuwa na maneno niliyoyatengeneza miaka mingi. Nilikuwa na zaidi ya maneno. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika sinia, wali wa nazi, samaki, tende, birika la uji, na ningeviangusha ningekuwa nimemwaga chakula chako. Nadhani ndiyo maana ulirundika vitu vingi vile.

Akasema hatua hizi si za Mwanasha. Nikamjibu kwamba nimetumwa naye. Akasema: "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia: "Wa Mwanapili."

Adhana ikaanza, karibu kabisa na masikio yetu, naye hakuinua mkono kwenda kwenye tende. Nikaweka sinia chini, nikamwambia ale, saumu imekwisha. Akasema hawezi kula mbele yangu. Mtu niliyekuwa nikimbeba moyoni Tanga, ingawa nilimwita kijitu, alikuwa mkubwa, ana kifua. Huyu niliyemkuta ningemwinua kwa mkono mmoja. Sikumhurumia, usinisingizie. Niliona haya tu, kwamba kumbe ni huyu.

Nikakaa. Nikapasua tende, nusu nikamtia kiganjani, nusu nikala mimi. Ndipo akala.

Kisha akasema: "Mama yako hakumroga mtoto wangu."

Nikamwambia najua.

"Nilijua wakati ule ule," akasema. "Nataka ulisikie kwa kinywa changu."

Watu walikuwa wanapita mlangoni kwenda kuswali magharibi, namwona Mwinga, namwona muuza kahawa, wanachungulia kumtambua mgeni. Nikainuka nikaufungua mlango wote. Nikamwambia: "Basi liseme tena, kwa sauti ile uliyotumia siku ile."

Akatafuta ukuta kwa mkono, akasimama. Akalisema, na jina la mama akalitaja lote, Mwanapili binti Mwero, na jina lake yeye, na kwamba alisema uongo kwa sababu alinyimwa mke. Sauti yake bado ina nguvu. Njia nzima ilisimama.

Alipomaliza alibaki amesimama, hajui aelekee wapi. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikamtolea samaki miba, nikamsogezea wali.

Ndugu yako,
Matano bin Boga